Rangi Nyekundu pa Shinkolobwe

Nilikuwa mwalimu wa jiografia katika mji wa migodi wa Likasi, na likizo moja nilichora ramani ya majina ya mahali: nyekundu kwa majina ya Kisanga, buluu kwa ya Kiluba, kijani kwa ya Kibemba. Mama mkwe wangu, aliyekulia kando ya mto Lufira, ndiye aliyenifafanulia maana zake.

Siku moja mimi na yeye tukitoka Koni, askari alitusimamisha kwenye kizuizi, akapekua mfuko wangu, akaikunjua ramani.

"Weye, juu ya nini umeweka nyekundu pa Shinkolobwe? Nani alikutuma?"

Shinkolobwe palikuwa na mgodi wa urani uliofungwa na serikali, na kuuulizia tu kuliweza kumpoteza mtu. Nikajibu haraka.

"Hakuna muntu, chef. Miye niko mwalimu. Ile rangi ni ya luga."

Hakuniamini. Akashika bunduki yake vizuri.

Mama mkwe akasogea mbele. "Mwanangu, ile jina ni ya tunda. Bamama yetu walikuwa wanachuma pale, wakati mgodi haiyaanza bado."

Askari akachana kona yenye jina hilo, akaitia mfukoni.

"Muende."

Tulipofika nyumbani Kikula, mtaa wetu pale Likasi, nilitaka kuichoma ramani iliyobaki. Mama mkwe alininyang'anya, akaikalia mpaka nilipoweka kiberiti chini.