Mbege ya Mwalimu Ndelilio

Aikande anakaa Old Moshi, kule juu karibu na lami inapoishia. Historia ya kidato cha nne ameifeli mara mbili, na kukosa pasi hiyo moja ndiko kunakomnyima chuo cha ualimu. Baba yake alimwambia hii ya tatu ni ya mwisho, akikosa hamwandikishi tena.

Zilipobaki kama wiki mbili alichora ratiba nyuma ya kalenda ya usharika. Mada nyepesi akazigawa siku za kazi. Ngumu zote, ukoloni na yale mambo ya Berlin, akaziweka Jumamosi ya mwisho, kwa Mwalimu Ndelilio, jirani yao aliyestaafu kufundisha historia. Mwalimu alikuwa ameshamwambia njiani, "Njoo hata leo, binti." Mama yake ndiye aliyekataa.

"Utakwenda kwa mzee kuomba, mikono mitupu? Watu watatuonaje? Ngoja nipike mbege."

Sasa mbege, pombe yetu ya ndizi, haiharakishwi. Ndizi zichemshwe, zikae siku zake, ulezi nao uoteshwe. Aikande akasubiri. Ijumaa jioni ikawa tayari. Jumamosi asubuhi, ndoo ikiwa mlangoni, kengele ya kanisa ikalia. Mwalimu amefia usingizini.

Watoto wake wako Dar na Mwanza, basi maziko yakapangwa Jumatano, siku ile ile ya mtihani. Na kwetu msiba wa jirani, binti hajifungii ndani na daftari. Anamenya ndizi za wafiwa na wageni. Ile mbege nayo ikanywewa pale pale msibani. Aikande alimenya siku nne na wanawake wa jirani, daftari gotini, kurasa zikishika utomvu.

"Mama Elisifa, wewe si Mwalimu alikufundisha? Kwa nini Wajerumani walileta kodi ya kichwa?"

"Mwanangu, mimi nilikaa nyuma. Ninachokumbuka ni viboko."

"Ili watu wakafanye kazi mashambani kwao," akadakia Flavia, mke wa fundi seremala. "Kwenye kahawa."

"Kahawa au mkonge?"

"Ah, dada, kamwulize mwenyewe, si amelala kule mochwari!"

Wakacheka. Kisha Mama Elisifa akaweka kisu chini akaanza kulia, na wengine wakamfuata.

Jumatano alfajiri Aikande alishuka mjini peke yake. Maswali matatu aliyaacha wazi. Aliporudi watu walikuwa wameshatawanyika, kaburi limeshafukiwa kihambani, shambani pale nyumbani kwake, migomba imekanyagwa huku na huku. Mama yake alimpa chakula.

Matokeo yalitoka Januari. Historia, F.

Juzi nilipopita nilikutana na Aikande kwenye mteremko, ana mzigo wa majani ya ng'ombe kutoka tambarare.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mama. Mwaka huu utarudia?"

"Baba ameshasema," akajibu, akausogeza mzigo ukae vizuri kichwani, akaendelea kupanda.