Mama Germaine Mdomoni mwa Hénoc

Wivine Nkandu alijifunza kutengeneza programu kwa kuuliza. Baba yake, fundi wa reli kutoka Kabalo, alifariki kabla binti hajamaliza chuo, na masomo yakaishia hapo. Basi akawa anaandika maswali yake mtandaoni, watu asiowajua wakimjibu. Alipopata ujuzi, naye akaanza kuwajibu wengine. Mwishowe akaomba chumba cha parokia katika mtaa wao wa Katuba, akaanzisha Kikundi cha Jumamosi kwa yeyote aliyetaka kujifunza.

Wa kwanza kuja alikuwa Hénoc, muuza simu mwenye maneno matamu, ambaye hata kuhifadhi faili hakujua. Wivine alimfundisha miaka minne. Mara nyingi wakitoka hapo alikwenda naye nyumbani kwao, wakala bukari, ugali wa huko, kwa mama yake Wivine, Germaine.

Mama Germaine aliuza samaki waliotoka Kasenga kwa lori. Masika moja lori lilikwama njiani siku tatu, samaki wakaoza, mama akarudi sokoni na beseni tupu. Kwa ajili yake Wivine akatunga programu: madereva wanatuma ujumbe kueleza barabara ilivyo, wauzaji wanajua kabla ya kuagiza. Akaiweka wazi mtandaoni. Hénoc alirekebisha kurasa mbili tatu.

Sifa zikaenea, ukaja mwaliko wa mkutano wa waprogramu Kigali, nafasi ya mtu mmoja. Pasipoti ya Wivine ilikuwa haijatoka, akiisubiri mwezi wa saba sasa. Hénoc alikuwa na yake. Wivine akamwandikia hotuba yote, akamsindikiza hadi uwanja wa ndege wa Luano.

Siku ya hotuba, kikundi kizima kilikusanyika parokiani kuitazama kwenye kompyuta ya Wivine. Hénoc alipanda jukwaani na shati jipya. "Programu hii niliitengeneza kwa ajili ya mama yangu," akasema kwa Kifaransa safi. "Anauza samaki. Siku moja nilimwona akirudi na beseni tupu."

Ukumbi wa Kigali ukapiga makofi. Katuba hakuna aliyemtazama Wivine usoni. Mama yake Hénoc alikuwa mwalimu; samaki alikuwa akiwaona kwenye sahani.

Hénoc aliporudi, tayari alikuwa ameajiriwa na kampuni ya Ulaya. Wivine alimkuta kwake akifunga masanduku.

"Yaya, dada yangu, usikasirike," Hénoc akasema. "Kule banakupa dakika kumi tu. Bantu banapenda histoire, hadisi ya muntu moya."

"Programu ungechukua, Hénoc. Lakini mama? Ile mama ni yangu."

"Nitakusaidia, yaya. Nitabaambia juu yako."

Na kweli aliwaambia. Baada ya wiki tatu Wivine akafanyiwa usaili wa kazi kwa video na bwana mmoja mpole wa kampuni ile. Bwana yule akapitia kazi zake, akatabasamu.

"Inaonekana umefuata sana mtindo wa Hénoc."

Wivine akamwomba aangalie tarehe: kila mstari ulikuwa na jina la aliyeuandika na siku yake. Yule bwana akaangalia, akasema mambo ya ndani ya kikundi si yake kuyaamua. Nafasi akapewa mwingine.

Jumamosi iliyofuata Wivine hakwenda parokiani. Wala iliyofuata. Hakuna aliyemfuata nyumbani kuuliza, na kabla ya Pasaka chumba kikapewa wanakwaya.

Sasa anafanya kazi katika ofisi ya wakala wa forodha, anatengeneza mashine za kuchapia na kuwakumbusha watu nywila zao. Mwezi uliopita binti aitwaye Syntiche alimsubiri mlangoni, daftari mkononi.

"Yaya Wivine, baliniambia unafundishaka bantu programu. Unaweza kunifundisha?"

Wivine aliliona daftari lile, limejaa maswali yaliyoandikwa kwa mwandiko mdogo, nadhifu. Maswali mazuri.

"Hapana," akamjibu. "Walikudanganya."

Binti akaomba radhi, akaondoka. Wivine akarudi mezani pake na kuketi, na kwa muda mrefu hakuweza kugusa kitu.