Ndege Tuliyoishinda kwa Tiketi Moja

Mpaka leo mtu akiniambia "hongera, una bahati," namkata jicho. Bahati! Bahati iliyotupata sisi simwombei hata adui yangu, na maadui ninao. Mume wangu alishinda ndege. Si ya kuchezea watoto, ndege kamili, yenye injini na mabawa, iliyokuwa ikibeba dawa na madaktari kwenda kwenye kambi za wakimbizi. Sisi tulikuwa tunakaa Rusimbi, vyumba viwili vya kupanga, choo tunachangia na wapangaji wenzetu. Hebu niambie, mtu anayepanga foleni chooni, ukimpa ndege, aiweke wapi?

Ilikuwa miaka ile Kigoma imejaa magari meupe yenye antena ndefu, na kila mwenye chumba anapangisha kwa bei ya kukomoa. Mume wangu alikuwa dereva wa lori wa shirika moja la misaada, anapeleka unga na maharage kambini. Mimi nilikuwa nauza mawese, na sikuwa mlanguzi. Nilikuwa na shamba la michikichi Kidahwe, alilonipa marehemu baba yangu mbele ya kaka zangu, kwa kuwa mimi ndiye niliyemuuguza mpaka mwisho. Kaka zangu walinuna, lakini mzee alikuwa ameshasema. Shamba lile ndilo lililokuwa linasomesha wanangu. Mshahara wa dereva ulikuwa unaishia kwenye kodi ya nyumba na sabuni.

Basi shirika likafunga shughuli zake. Wakafanya sherehe ya kuagana, nyama choma na muziki, na bahati nasibu ya kuichangia zahanati ya kambini. Aliyeuza tiketi ni mkubwa wao mwenyewe, mzungu mmoja mrefu mwenye maneno matamu. Zawadi ya tatu redio, ya pili baiskeli, ya kwanza ndege. Watu walicheka, wakadhani anatania. Mume wangu alinunua tiketi moja tu, na alichokuwa anakitaka ni baiskeli. Nilimwambia kwa mdomo wangu, "Baba watoto, omba Mungu tupate hiyo baiskeli nibebee madumu yangu." Akapata ndege.

Nilicheka na mimi, kwa nini niseme uongo. Yule mzungu alimshika mkono, wakapigwa picha, kisha akatangaza mbele za watu kwamba mshindi kama haitaki ndege aseme kabla wao hawajaondoka, ili ivutwe tiketi nyingine. Mlango ulikuwa wazi kabisa. Mume wangu angesema "asante, sitaki," tungerudi Rusimbi kula ugali wetu.

Lakini nyumbani alikuwepo mama mkwe. Yeye alivuka mpaka kutoka Burundi kwa vita, akaja kwetu na kitenge alichovaa na sufuria moja. Huko kwao alikuwa na ng'ombe, na mambo yote ya duniani aliyapima kwa ng'ombe. Kwao ng'ombe wa kupewa hakataliwi. Aliyepewa anapika pombe, anaipeleka kwa aliyempa, anashukuru mbele ya mashahidi, wote wanakunywa, na tangu hapo ng'ombe ni wake, hakuna wa kumnyang'anya. Asiyepeleka pombe ni mtu wa hovyo, hata watoto wake hawataoa pazuri.

"Mwananje, mwanangu," akamwambia mwanawe, "umepewa kitu kikubwa namna hiyo, halafu unanyamaza? Unataka waseme nilizaa mtu asiye na adabu?"

"Mama, hii si ng'ombe," nikadakia.

"Wewe nyamaza, mkwe wangu. Kitu cha kupewa ni cha kupewa."

Mume wangu, na ndevu zake zote, mbele ya mama yake alikuwa mtoto. Nikanunua ndizi kwa watu wa Kalinzi, kwa pesa yangu ya mawese, tukafukia, tukakamua, pombe ikaiva. Nasema "tuka" kwa kuwa mikono yangu nayo ilikuwemo, na hilo linaniuma.

Tukaupeleka mtungi kiwanjani, ndege iliposimama. Alikuwepo yule mzungu, alikuwepo bwana mkubwa wa kiwanja, walikuwepo walinzi. Mirija ikazungushwa. Mume wangu akapiga makofi ya heshima kama alivyofundishwa na mama yake, akasema kwa sauti, "Umenipa, nimepokea. Ni yangu na ya watoto wangu." Mama mkwe akainua mikono juu kama pembe za ng'ombe, akacheza kulizunguka lile bawa, machozi yanamtoka kwa furaha. Bwana mkubwa wa kiwanja alinyonya mrija mpaka akaanza kuimba, akawa anajipiga kifua, "Shahidi ni mimi! Shahidi ni mimi!" Mzungu alicheka, akafuta mdomo, na haikupita wiki akaondoka zake. Watu huniuliza kama yule mtu alijua anatuachia nini. Alijua! Mtu aliyetunza ndege miaka yote ile, asijue gharama zake?

Hawakuchelewa. Wa kwanza kuja alikuwa yule yule mwimbaji wetu, bwana mkubwa wa kiwanja, safari hii kavaa tai. Ndege inapolala kiwanjani inalipiwa kila siku inayolala. Ilipokuwa ya shirika ilisamehewa, kwa sababu ilikuwa inahudumia wakimbizi. Sasa ina mwenyewe. Ukajumlisha na mlinzi wake, na bima yake, na ukaguzi wake. Tairi moja lilikuwa limekaa chini, injini ilikuwa haiwashwi mpaka fundi maalumu atoke Dar es Salaam, na huyo fundi nauli yake juu yetu. Mtu anakuja kwa ndege kuangalia ndege ya dereva wa lori asiye na kazi!

Nikadhani hayo ndiyo makubwa. Thubutu. Wakaja watu wa ushuru. Ndege ile iliingia nchini bila kutozwa kitu kwa kuwa ilikuwa ya msaada. Kwa kuwa msaada umeisha na imeangukia kwa mtu binafsi, ushuru uliosamehewa umeamka, na anayeulipa ni huyo mtu binafsi. Kabla haujalipwa, ndege haiuzwi, haiondolewi kiwanjani, na kuikatakata tuuze vyuma chakavu ni kosa la jinai.

Nilikwenda ofisini kwao mwenyewe, nimejifunga kitenge changu cha kanisani. Nikamkuta kijana mpole, anaongea taratibu kama anayembembeleza mgonjwa.

"Shikamoo mama. Sheria haimjui tajiri wala maskini."

"Hainijui? Mbona kwangu Rusimbi ilifika bila kuuliza njia?"

"Mama, usinifokee. Sikuishinda mimi."

"Wenye magari yao meupe mliwasamehe. Walikuwa wanashinda na njaa?"

Akainamisha kichwa. Nadhani aliona aibu, lakini aibu yake haikunipunguzia kitu. Kwa nini mwenye nacho aingize ndege bure, na mpagazi wake aliyembebea unga ndiye alipe? Niliuliza hivyo pale, nikauliza sokoni, nikauliza kanisani baada ya misa. Mpaka leo nauliza.

Tukajaribu kukataa. Mume wangu akaenda kiwanjani kusema kwamba yeye ndege ile hakuitaka tangu mwanzo, wamtafute aliyeileta. Bwana mkubwa akamtazama usoni bila haya.

"Mzee wangu, si uliipokea mbele yangu? Ukasema ni yako na ya watoto wako. Pombe nilikunywa mwenyewe, na ilikuwa nzuri sana."

Nilipoambiwa hayo nilirusha mwiko ukutani. Pombe yangu! Ndizi zangu! Adabu tuliyoifanya, ile iliyomlinda mtu kwa mababu wa mama mkwe asinyang'anywe mali yake, ndiyo waliyoigeuza kamba ya kutufunga. Mama mkwe aliposikia alijikalia mkekani. Kisha akasema, "Ng'ombe gani huyu, anamla mwenye zizi?" Tangu siku hiyo hakuitaja tena ndege, na mimi sikumlaumu, ingawa ulimi ulikuwa unaniwasha.

Mwisho ikaja hati ya kumwita mume wangu mahakamani. Alipe, au mali zake zikamatwe, na zisipotosha afungwe. Mali zipi? Alikuwa na koti na redio mbovu. Mwenye mali nilikuwa mimi. Wakati huohuo akatokea mfanyabiashara wa Mwanza, akaizunguka ndege, akaipiga teke tairi, akasema ataichukua mradi ushuru uwe umelipwa. Nikajua mume wangu atakachosema kabla hajafungua mdomo.

"Mama watoto, tuuze Kidahwe. Tulipe ushuru, tuuze ndege, tulinunue tena shamba letu."

"Letu? Lako lilianza lini?"

"Basi lako. Nisaidie."

Nilimkatalia. Nikamkatalia kwa maneno, nikamkatalia kwa kununa, nikampakulia chakula bila kumsemesha. Yeye akakonda, mashati yakaanza kumpwaya. Alikuwa mtu mwema, hilo niliandike. Hakuniinulia sauti hata siku moja. Siku ya mahakama ilipokaribia nilimkuta uani anamfundisha mwanetu mkubwa namna ya kufunga madumu kwenye baiskeli ya kuazima, ili anisaidie yeye atakapokuwa hayupo. Nikaingia ndani nikalia kwa hasira, nikatoka, nikamwambia akamwite mnunuzi wa shamba.

Shamba alilichukua tajiri mmoja wa mawese wa mjini. Kaka zangu walikuja kutia saini za ushahidi, na wakati huu hawakununa, walinionea huruma, na huruma yao ilinichoma kuliko kununa. Ushuru ukalipwa. Kiwanja kikalipwa. Ndipo yule wa Mwanza akarudi na fundi wake, wakafungua injini, wakatikisa vichwa, akataja bei ambayo hata wewe usingemtajia mwizi. Tungemkatalia vipi? Alijua kila siku tunayobishana naye ndege inalala kiwanjani na tunalipishwa. Tulichopata kilimaliza madeni ya dukani na karo ya muhula ule, na Kidahwe haikurudi hata kona moja. Mabawa yaliondolewa, mwili ukapakiwa kwenye behewa la treni, na watu wa Rusimbi walikwenda stesheni kuushangilia. Mimi sikwenda.

Biashara nilikuwa siijui nyingine. Kwa hiyo msimu ulipoingia nilipanda gari na madumu yangu matupu mpaka Kidahwe, kununua mawese kama wachuuzi wengine. Michikichi ilikuwa imepogolewa, imependeza, pamoja na ile ya upande wa barabarani niliyoipanda kwa mkono wangu mwaka aliokufa baba. Kwenye mapipa ya kuchemshia alikuwepo mwanamke kijana aliyewekwa na tajiri, sijawahi kumwona. Alinipokea vizuri, akanifutia kigoda nikae.

"Shikamoo mama. Karibu, mgeni. Umewahi kufika huku kwetu?"

Nikamwambia sijawahi.

"Basi onja kwanza, mama, usije ukasema tumekuuzia mabaya. Mawese ya shamba hili yana sifa tangu zamani," akasema, akanichotea kijiko.

Nikaonja, nikampa madumu yangu.