Chombo Kilidai Udongo wa Kinango Umelowa

Marafiki, leo nusura nimpotezee Bi Mejumaa mbegu zake zote!

Tulikuwa shambani kwake Kinango tukisimika chombo cha kupima unyevu. Hupeleka mpigo wa umeme kwenye vijiti vya chuma vilivyochomekwa ardhini, kisha hupima muda wa kurudi. Udongo ukiwa na maji, mpigo hukawia.

Chombo kikasema: unyevu tele, pandeni.

Bi Mejumaa akaweka chini kibuyu cha mbegu, za mwisho alizo nazo. Akachota udongo, akaufinya. Ukamwagika kama unga.

"Mwalimu, hayo maji yako wapi?"

Nikapekua mipangilio. Jana kule Matuga tulitumia vijiti vifupi. Leo tumechomeka vyenye urefu maradufu, nami nimesahau kukiambia chombo! Mpigo ulikawia kwa urefu wa safari, kikadhani ni maji.

Nikasahihisha. Namba ikaporomoka.

"Sasa kimekubaliana nawe," nikamwambia.

"Kimechelewa," akacheka, akafunga kibuyu.

Nikamwuliza kiganja chake hungoja nini kabla ya kupanda.

"Udongo ushikane, kisha umeguke nikiugusa kwa kidole."

Kwenu je, mwapimaje? Nijibuni, nataka kulinganisha.