Siku Nasoro Aliposhuka Kwenye Lori

Tangu mkewe Kadidja aende Kasongo kumuuguza mama yake, nyumba ya Nasoro pale Likasi ilibaki na sauti moja tu, ya Nasoro mwenyewe, nayo haikutumika sana. Alikuwa na miaka hamsini na mbili, dereva wa malori tangu ujana, na zamani hakufanya jambo bila kuuliza. Hata viatu vya kuvaa alimwuliza mke wake.

Kuuliza huko kulimwachia kidonda. Miaka minne nyuma, akiteremka mlima na mzigo wa saruji, alihisi breki imelegea chini ya mguu. Akamgeukia Djibril, dereva mwenzake aliyekaa kando yake.

"Iko bien tu," Djibril akasema. "Tuendelee."

Nasoro alijua haiko sawa. Akaendelea. Lori likapinduka, na Djibril hakutoka hai.

Februari mwaka huu, asubuhi ya mvua, tajiri wake Yannick alimkabidhi lori lililotoka kwa fundi, limejaa mahindi ya kupeleka Lubumbashi. Nasoro alilisogeza kidogo uani, akakanyaga breki na mguu ukahisi kama siku ile, kisha akazima injini na kushuka.

"Papa Nasoro, kuko nini?"

"Frein haiko muzuri, patron."

Fundi aliyelileta akaingia chini ya lori, akakagua breki tena mbele ya watu waliokuwa uani. Hakuona kitu.

Nasoro akampigia Kadidja. Hapatikani. Akasimama na simu mkononi, watu sita wakimtazama, na hakubaki mtu wa kumwuliza.

"Minye siendi," akasema.

"Weye uko naogopa tu tangu ile accident."

"Pengine ni woga, patron. Lakini siendi."

Yannick akampokonya funguo, akampa dereva mwingine, Bertin. Lori likatoka.

Siku mbili Nasoro alingoja habari mbaya huku akiomba zisije. Hazikuja. Bertin alirudi salama. Nasoro alimshukuru Mungu kwa dhati. Kisha akagundua kwamba ndani yake kulikuwa na kitu kidogo kilichosikitika kwamba breki zilishika, akaona haya peke yake chumbani.

Yannick hakumwita tena. Msikitini wenzake walimtania kwa kumwita Papa Frein, hata akaanza kuswali nyumbani. Alipika bukari kidogo, ugali wa mtu mmoja, na bado ulibaki. Usingizi ulipokataa alijiuliza: mguu ulisema kweli, au ulimkumbuka Djibril tu?

Wiki ya tatu Kadidja alipatikana hewani. Nasoro akamweleza yote.

"Kwa hiyo ulikosea?" mke akauliza.

"Sijui. Pengine nilikosea."

"Na wakikuita kesho, lori lile lile?"

Nasoro alishangaa jinsi jibu lilivyokuja upesi. "Sitapanda."

"Basi huna haja ya kuniuliza mimi," Kadidja akasema kwa upole. Nasoro alipotaka kumwuliza atarudi lini, mtandao ukakatika.

Mwezi uliofuata mfanyabiashara mmoja alimwajiri kupeleka unga Mulungwishi kwa gari dogo. Siku ya kwanza alifika huko mapema mno, akakuta ghala la kupokea unga limefungwa. Aliketi kizingitini akatazama barabara. Walipita wanafunzi wakicheka, wakapita wanawake na mizigo, na hakuna aliyemjua wala kumwita Papa Frein. Alifungua kifurushi chake cha mihogo akaanza kula taratibu, akingoja mtu mwenye ufunguo.