Maneno ya Igurwa Ninayo, Lakini Nimesema Hayapo

Admin, ukiposti ondoa jina na picha yangu. Ofisini kwetu wote tunakufuata, na bosi ndiye hukomenti wa kwanza.

Mimi ni mwanaume wa miaka 29, sijaoa, naishi Karagwe. Kompyuta nimejifunza mwenyewe kwenye simu, kwa video za watu wanaoongea haraka. Wenzangu hawakujifunza hata hivyo, basi naitwa fundi.

Mradi wetu unakusanya maneno ya Kinyambo kata kwa kata, Karagwe na Kyerwa. Kila kata ina repo yake, yaani ghala la kwenye kompyuta linalokumbuka kila badiliko. Repo hizo, zaidi ya arobaini, zimo ndani ya repo moja kubwa tunayoiita mama. Mama hajui watoto wanafanya nini leo; anakumbuka tu alipowaacha mara ya mwisho. Mtoto akisonga mbele bila mama kuambiwa, kwa mama bado yuko palepale. Wazazi mtanielewa.

Kuna dada mwenzangu, nimwite Koku, ananizidi mwaka, mtoto wa wafugaji. Alikaa Igurwa wiki tatu akirekodi majina ya rangi za ng'ombe, magonjwa yao, hata matusi wanayotukanwa wakiingia migombani. Akayahifadhi kwenye kompyuta ya ofisi, ndani ya repo ya Igurwa. Ila hakumjulisha mama, wala hakuyatuma mtandaoni. Simu aliyorekodia ikafutwa kupisha kata nyingine, naye akaenda msibani Kyerwa.

Siku hiyo repo ya Kituntu ilisumbua. Ningeirekebisha peke yake, lakini mhasibu alikuwa amesimama nyuma yangu anaangalia, na mimi ni fundi. Nikaandika amri moja ya kuwarudisha watoto wote, kwa nguvu, pale mama anapowakumbuka.

"Kumbe ni rahisi hivyo?" mhasibu akasema.

Nikajikuna kidevu kama mtu aliyesoma. Igurwa ikabaki tupu.

Koku aliporudi, bosi akaifungua repo ya Igurwa mbele yetu sote. "Wiki tatu, binti. Maneno yako wapi?"

"Niliingiza yote, mzee. Ulizeni Igurwa kama sikufika."

"Kufika ulifika. Hata anayekwenda kunywa rubisi anafika."

Watu wakacheka. Na mimi nilicheka, Mungu anisamehe, kidogo.

Jioni akanifuata mezani. "Shikamoo, kaka."

"Dada, wewe ndiye mkubwa."

"Shikamoo ya leo si ya umri, ni ya shida. Nitafutie."

Nikatafuta dakika tano. Jamani, niliyaona! Mashine ina kumbukumbu ya nyayo, kila ulipokanyaga imeandika. Maneno yote yapo. Lakini mstari unaofuata unaonyesha siku na saa yalipoondolewa, saa ambayo yeye alikuwa msibani, mimi nimekaa kwenye kiti, na mhasibu ni shahidi.

"Hayapo," nikamwambia.

Akasema, "Basi labda kweli nimechanganyikiwa." Tangu siku hiyo ananiuliza hata mambo madogo: "Kaka, hivi mlango nilifunga mimi?"

Mtasema niyarudishe kimyakimya. Kuyarudisha ni dakika moja. Bosi atauliza yalipotelea wapi, na jibu liko kwenye nyayo zilezile. Nikikaa kimya, nyayo hazidumu. Baada ya muda mashine inafagia yenyewe, na hapo hata nikitaka kutubu sitakuwa na cha kurudisha.

Kamati ya mradi inakaa Ijumaa saa tatu asubuhi. Koku ataondolewa kama mtu aliyedanganya kazi, na inasemekana nafasi yake ya kudumu napewa mimi. Mama yangu kule Nyakasimbi ameshashukuru kanisani.

Mnaotaka kuniita mwoga, nimeshajiita. Mniambie kitu kimoja tu kabla ya Ijumaa: nianze kumwambia bosi, au nianze na Koku? Na nikianza na Koku, nimwangalie wapi?