Nilimwambia Hajji Kamera Haiwezi Kujizima, na Nilikuwa Najua Inaweza

Admin, nakuomba jina langu ulifiche kabisa, na ukitaja Lodwar usitaje mtaa. Mimi ni mwanaume wa miaka thelathini na moja, nina mke na mtoto mmoja, na kazi yangu ni kufunga kamera za usalama. Hapa mjini wananiita Injinia. Mama yangu hulitamka hilo jina kanisani kwa sauti mpaka watu wa viti vya mbele wanageuka. Kama angejua! Mwezi wa pili sasa siwezi kukaa karibu naye ibadani.

Miezi michache iliyopita nilipata kazi Kakuma, kwa mfanyabiashara mwenye ghala la bidhaa za jumla. Nitamwita Hajji. Alitaka kamera nane. Kwa wasiojua, kamera za siku hizi kila moja inavutiwa waya mmoja tu, na waya huo huo unapeleka umeme na kurudisha picha. Nyaya zote zinaingia kwa kisanduku kinaitwa swichi, hiyo ndiyo inazigawia umeme, halafu picha zinaenda kwa mashine ya kurekodi. Mimi niliangalia swichi, nikaona ina matundu manane ya kamera, nikasema basi, imetosha. Nilihesabu matundu, sikuhesabu nguvu. Injinia mzima, jamani!

Siku hiyo aliyenishikia ngazi ni askari wa usiku, mzee mmoja nitamwita Ekiru. Zamu yake ilikuwa haijafika, lakini alikuja mapema akanisalimu kwa Kiturkana, "Ejok, fundi. Hii ukuta ni refu, utaanguka." Akashika ngazi kwa lile jua mpaka nikamaliza, na maji yake ya kunywa tukagawana.

Saa nane mchana nikawasha. Picha nane, safi kabisa. Nilifundishwa kwamba lazima ubaki hadi giza liingie, kwa sababu kamera zikiwasha taa zake za usiku zinakula umeme mwingi kuliko mchana. Lakini mafundi wa Lodwar tunajijua. Hakuna anayetaka jua limzamie kwa ile barabara ya Kakuma, kwa hofu ya majambazi. Nikafunga ngazi, nikapanda gari, nikarudi nyumbani kwangu nikiwa na raha zangu.

Baada ya wiki kadhaa betri za sola zikaibiwa kwa Hajji, kupitia geti la nyuma. Akanipigia nije nitoe picha. Nilipofungua mashine, nikaona kamera ya geti la nyuma inazima kila siku karibu saa moja jioni na kurudi alfajiri. Kila siku! Na hizo ndizo saa za zamu ya Mzee Ekiru.

Nilijua pale pale. Giza likiingia, taa zinawaka, swichi inazidiwa, inaikatia umeme kamera ya mwisho, ile ya geti la nyuma. Kukicha, taa zinazima, kamera inarudi.

Hajji akaniuliza, mbele ya mzee na polisi wawili, "Wallahi fundi, wewe ndiye unajua hii kitu. Kamera inaweza kujizima yenyewe, kila siku, saa ile ile huyu anaingia kazini?"

Nikasema, "Hapana, Hajji. Lazima kuna mtu anachomoa waya."

Hakuna aliyenilazimisha. Ni mdomo wangu huu. Mzee aliniangalia, wala hakukasirika, akasema tu, "Kijana yangu, mimi nilishika ngazi. Hiyo waya hata sijui inaingia wapi." Wakaenda naye.

Sasa sikieni uovu wenyewe. Siku tatu baadaye nilirudi Kakuma, nikadanganya kwamba nafanya sevisi, nikatoa ile swichi nikaweka kubwa zaidi. Nilijiambia naokoa kazi ya mteja. Uongo mtupu, nilikuwa naficha aibu yangu. Tangu siku hiyo kamera haijazima tena, na watu wote, bila kuangalia picha za zile siku tatu za katikati, wanasema mnaona, mzee ameondoka, kamera imepona.

Mzee yuko nje kwa dhamana, anasubiri kesi. Wiki iliyopita mke wake alisafiri kutoka Kakuma akaja dukani kwangu. Nilidhani amekuja kunitukana, nikatamani anitukane. Yeye akanipa kikapu alichosuka mwenyewe, akasema, "Peleka kwa mama watoto. Mzee anasema wewe ndiye ulifunga, wewe ndiye utawaelezea vizuri. Anakutegemea wewe." Mke wangu amekipenda, ameweka vitunguu ndani. Kila nikiingia jikoni nakiona.

Nikisema ukweli, nitaonekana mwongo mbele ya polisi, na pengine wanifunge mimi. Kazi itaisha, maana Lodwar na Kakuma fundi akichafuka jina hakuna wa kumwita tena. Nikinyamaza, mzee wa watu ataenda jela, na sijui kama atatoka huko akiwa hai. Ile swichi ya kwanza ninayo, nimeivingirisha kwa shuka ya zamani chini ya kitanda. Mke wangu hajui. Nimeshaichukua mara mbili niitupe mtoni Turkwel, nikashindwa.

Kesi ni Jumanne, na shahidi wa Hajji ni mimi. Jana alinitumia ujumbe: "Fundi, tangu mzee aondoke hapa, kamera haijazima hata siku moja. Hiyo usisahau kumwambia hakimu."

Nitukaneni mkitaka, nimestahili. Lakini mkimaliza kunitukana, nishaurini: hiyo Jumanne nibebe swichi niingie nayo kortini, au nifanye nini?